Tabia Kabla ya Rangi: Bogenvilia katika Mtaa wa Kaloleni

Wapenzi wa bustani waliopata kuona, kwa macho au kwa picha, jinsi chanja za Japani na kuta za majumba ya kale ya Uingereza zinavyofunikwa na wisteria, vishada vyake vya zambarau vikining'inia hata vikamgusa kichwani apitaye chini yake, aghalabu hurudi nyumbani na tamaa moja tu, nayo ni kuuona mmea huo ukipanda ukuta wao wenyewe. Na tamaa hiyo si ya kulaumiwa, kwa kuwa ni mimea michache iliyojaliwa kuunganisha nguvu ya shina na ulaini wa ua namna ile. Jina lake lilitolewa na Thomas Nuttall mwaka 1818 kwa kumheshimu tabibu Caspar Wistar wa Philadelphia, ingawa China na Japani walikuwa wakiustawisha mmea huu karne nyingi kabla ya tabibu huyo kuzaliwa. Jamaa ya China huuzungusha mti unaoushika kinyume cha mwendo wa saa, na jamaa ya Japani huuzungusha kwa kufuata saa, basi mtunzaji mzoefu huweza kuzitambua nasaba mbili hizo hata pasipo ua wala jani.

Lakini wisteria ni mwana wa nchi zenye baridi ya kweli. Huangusha majani yake yote, hulala miezi kadhaa, kisha huamka kwa maua baridi ipungapo. Na Nairobi, iliyo kusini ya Ikweta kwa nyuzi moja na ushei na juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, haina usingizi wa namna hiyo wa kuupa mmea. Julai yetu ni ya mawingu na manyunyu, baridi yake yatosha kumvalisha mtu sweta, haitoshi kuilaza wisteria. Itaota, naam, na itajaa majani, bali maua yake yatakuwa machache na yasiyo na majira; na aliyeipanda kwa mbegu yamkini atangoja miaka kumi au zaidi kabla ya kuona kishada cha kwanza. Tena mbegu zake na maganda yake yana sumu, jambo la kutafakariwa na kila mwenye watoto wachezao uani.

Kwa anayeitaka rangi ile ya zambarau kwa kila hali, naomba niitaje petrea, ambayo Linnaeus aliipa jina la Bwana Petre, mtukufu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1742 akiwa bado kijana na tayari ni mashuhuri kwa mimea ya ng'ambo. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, jani lake hukwaruza kama msasa, na vishada vyake huonekana kudumu kwa sababu ua lenyewe, dogo na la zambarau iliyoiva, likisha anguka, vile vijani vitano vya urujuani vilivyolibeba hubaki tawini kwa siku nyingi. Ni mmea mwema. Ila ni mzito wa kuanza, hukaa mwaka na zaidi kana kwamba haukupandwa, na mwenye nyumba ya kupanga, asiyejua kama mwakani atakuwa papo hapo, mara nyingi hana subira ya kiasi hicho. Kwa huyo, na kwa wengi wa wakazi wa mtaa ninaokusudia kuuzungumzia, mmea ulio stahiki ni bogenvilia.

Kaloleni ninayoitaja si ile ya Kilifi, bali ni mtaa wa Eastlands ya Nairobi, kando ya Jogoo Road, jirani na City Stadium na Makongeni, uliojengwa katika miaka ya 1940 wakati mafundi na vibarua wengi walikuwa mateka wa vita wa Kitaliano, kwa ramani ya A. J. S. Hutton, msanifu wa manispaa. Ramani hiyo haikufuata mistari ya kambi, kama zilivyofuata nyumba nyingi walizojengewa Waafrika wa mji zama zile. Ilifuata fikra ya mji wa bustani, iliyoenezwa na Ebenezer Howard huko Uingereza tangu 1898, kwamba mfanyakazi naye ana haki ya kufungua mlango wake akaona majani. Ndiyo sababu nyumba za Kaloleni ni fupi, za mawe, zenye vigae vyekundu, nazo zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati ya mtaa pana ukumbi ule ambao wazee waliuita House of Commons kwa ajili ya siasa zilizohutubiwa ndani yake. Bustani, basi, katika mtaa huu si pambo lililoletwa baadaye na mwenye nafasi. Imo katika msingi wa mtaa wenyewe, na kila apandaye kitu mbele ya mlango wake anaikamilisha kazi ambayo ramani iliianza.

Bogenvilia nayo ni mgeni, kama walivyo wageni wengi wa mimea tunayoiona yetu. Ilipata kujulikana kwa wataalamu wa Ulaya huko Rio de Janeiro mwaka 1767, merikebu za Louis-Antoine de Bougainville zilipotua katika safari ya kuizunguka dunia. Mtaalamu wa mimea wa safari ile alikuwa Philibert Commerson, na msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejigeuza mwanamume ili apate kupanda merikebuni, ambaye ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Heshima ya jina ikamwendea nahodha. Nairobi iliipokea kwa mapenzi makubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Peter Greensmith alipokuwa msimamizi wa bustani za mji, naye akaipanda kwa rangi mbalimbali katika mizunguko ya barabara na kwa urefu wa Princess Elizabeth Way, ambayo leo ni Uhuru Highway, hata mgeni atokaye uwanja wa ndege alilakiwa na maua kabla ya kulakiwa na mtu. Nguzo za barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 sasa zimesimama katikati ya njia ile, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imetoweka. Nasikitika kwa hilo, na huzidi kuithamini bogenvilia iliyo uani kwa mtu, ambayo haiingoji serikali kuinyunyizia maji.

Ukiliweka tawi lake dogo kiganjani na kulitazama kwa makini utaona kwamba hicho tunachokiita ua si ua. Ni majani matatu membamba, laini kama karatasi, yaliyojikunja pamoja kufanya kikombe. Na ndani ya kikombe, kila jani limebeba kijibomba chembamba chenye kinywa cheupe au cha maziwa, kilichochanua mfano wa nyota. Hicho kijibomba ndicho ua. Hunyauka upesi, na majani ya rangi hubaki, yakakaa wiki kadhaa hadi yapauke. Jambo hili lina maana kwa mtunzaji, kwa sababu mmea ambao fahari yake ni majani yaliyobadilika huweza pia, ukidekezwa, kughairi na kutoa majani ya kawaida tu. Ukiupa samadi nyingi, maji kila jioni na kivuli kidogo, utakupa uzio wa kijani usio na doa la rangi. Hupamba pale unapohisi kiu na unapochomwa na jua, si chini ya saa tano au sita kila siku. Katika nchi za mbali na Ikweta ufupi wa mchana pia huuchochea. Lakini kwetu mchana ni takriban saa kumi na mbili Januari kama Julai, kwa hiyo kiu na jua ndivyo vinavyoamua.

Sasa nifike kwenye uchaguzi, ambao ndio kiini cha sura hii. Ukienda kwa wauza miche wa kandokando ya barabara utaulizwa unataka rangi gani: nyekundu, nyeupe, ya chungwa, ya manjano, ama ile ya zambarau ya siku zote. Hayo ndiyo majina ya sokoni, na muuzaji hana kosa kuyatumia, kwani ndivyo wanunuzi wanavyosema. Lakini rangi ni habari ya mwisho. Bogenvilia mbili za rangi moja huweza kutofautiana kimo kwa mita nyingi, moja ikaishi miaka ishirini mlangoni bila kumdhuru mtu, na nyingine, katika mwaka wa nne, ikatia vidole vyake chini ya vigae na kuviinua kimoja kimoja, hata masika yakija mvua inaingia chumbani. Katika mtaa wenye paa za vigae zilizotimiza miaka sabini na zaidi, vigae ambavyo mfano wake si rahisi kuupata dukani, uchaguzi wa rangi pasipo uchaguzi wa tabia ni hatari halisi. Tabia husomwa katika jani na mwiba, navyo mche huwa navyo tangu ukiwa ndani ya mfuko, hata kama haujatoa ua.

Nasaba zilizo mikononi mwa watu ni tatu, pamoja na machotara yao mengi. Ya kwanza, ambayo wataalamu huiita spectabilis, hujulikana kwa jani pana lenye nywele laini linaloshika kidole kidogo ukilipapasa, na kwa mwiba mkubwa uliopinda kama ndoana. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Hupanda mti mzima ikaufunika, hujaa rangi yote kwa pamoja baada ya kiangazi, kisha ikanyamaza miezi. Ni mmea wa kiwanja, wa uzio wa shule, wa ukingo wa reli. Mbele ya nyumba ya Kaloleni, ambapo kati ya mlango na kiwanja pana hatua chache na kamba ya kuanikia nguo imepita hapo hapo, siipendekezi hata kidogo: ndoana ile hainasi shuka ikaiachia bila kuichana.

Ya pili ni glabra, ambayo jani lake ni jembamba zaidi, laini, linalong'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na mwiba wake ni mfupi, mwembamba, uliopinda kidogo nchani tu. Rangi yake ya asili ni zambarau ya urujuani, na ipo nyeupe pia. Wenye kutafuta mapya huidharau kwa kuwa imezoeleka. Nami nasema kwamba kwa nyumba ya mtaani hakuna iliyo bora kuishinda, kwa sababu hupamba mara nyingi kwa mwaka, huvumilia kupogolewa, hukubali kuishi ndani ya debe kwa miaka, na baridi ya Julai haiikatishi tamaa. Aliyekuwa akiililia wisteria na aipande hii ya urujuani, aielekeze kwenye waya mbili zilizotandazwa chini ya upenu, shubiri mbili chini ya vigae na zisipande zaidi ya hapo, naye atapata ukanda wa rangi usiopungua ule wa picha zake.

Ya tatu ni chotara la glabra na jamaa ya Peru, nalo lina historia ya kusimulika. Mwaka 1910 bibi mmoja aitwaye Butt aliuleta Trinidad mmea alioupata Cartagena, Kolombia, wenye rangi nyekundu ya damu ya mzee ambayo haikuwapo kwingine, na kwa ajili yake nasaba nzima ikaitwa buttiana. Jani lake ni pana, la mviringo, la kijani kilichokolea. Mwiba wake umenyooka. Ajabu ya nasaba hii ni wepesi wake wa kugeuka: tawi moja katika mmea mwekundu huzuka lina rangi nyingine, mtunzaji mwenye jicho akalikata na kulipanda, na rangi mpya ikazaliwa. Ndivyo zilivyopatikana za chungwa, ambazo huchanua na rangi ya kutu ya dhahabu kisha zikageuka waridi zikizeeka, hivi kwamba kichaka kimoja hubeba rangi mbili kwa wakati mmoja. Na ndivyo ilivyopatikana Kalkuta, mwaka 1949, ile iitwayo Mary Palmer, ambayo tawi lake moja ni jeupe, la pili ni la waridi, na la tatu limechanganya.

Ya manjano ya dhahabu inaitwa Lady Mary Baring, kwa jina la mke wa Evelyn Baring, aliyekuwa gavana wa Kenya tangu 1952 hadi 1959, miaka ya hali ya hatari. Katika Eastlands, ambako Aprili 1954 askari walizunguka mitaa alfajiri na kuwakusanya maelfu ya watu katika Operesheni Anvil, jina hilo laweza kuwa zito kinywani mwa mzee anayekumbuka. Sioni kwamba ua lina hatia ya jina lake, wala sioni haja ya kulificha. Ni manjano nzuri kuliko zote ninazozijua, hasa juu ya jiwe la kijivu, na atakayeiomba kwa muuza miche aseme tu ile ya manjano, ataeleweka. Ila ajue kwamba haina nguvu kama nyekundu, hutaka jua zaidi, na hairidhiki na ukuta unaotazama kusini, ambao kwetu hukosa jua la moja kwa moja tangu mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba.

Zipo pia zenye maua mazito, majani ya rangi yamepangana tabaka juu ya tabaka. Dukani huvutia. Lakini hayo hayadondoki yanapokufa; hukauka tawini, yakawa ya hudhurungi, yakashika vumbi, na vumbi la Jogoo Road si haba. Za majani yenye mabaka ya manjano zitazame kama pambo la chungu kibarazani, si mmea wa ukuta, kwa kuwa jani lisilo kijani kamili halina nguvu ya kulisha shina refu.

Udongo wa Eastlands, katika sehemu nyingi, ni ule mweusi unaopasuka nyufa wakati wa jua na kung'ang'ania kiatu wakati wa mvua, nao ndio adui mkubwa wa bogenvilia, si kwa uchache wa chakula bali kwa kuyazuia maji. Mzizi wa bogenvilia ni mwembamba na mwepesi kuoza. Kwa hiyo shimo la nusu mita au zaidi na lichimbwe, chini yake kitiwe kifusi cha mawe na matofali yaliyovunjika, kisha udongo uchanganywe na mchanga na samadi iliyokwisha iva, na mche uketi juu ya tuta kidogo, usikae bondeni. Watu wengi hupanda masika, Machi na Aprili, kwa mazoea ya shamba. Kwa udongo huu mimi huchagua vuli, Oktoba au Novemba, kwa hoja kwamba masika huujia mche mchanga na gharika, na mara ikifuatia baridi ya mawingu ya Juni na Julai mzizi haupati kuchangamka, ilhali mche wa vuli huanza na mvua ya kadiri kisha ukapata jua la Januari na Februari. Wakati wa kuutoa mfukoni, pasua mfuko kwa wembe wala usiuvute, maana donge la udongo likivunjika mizizi hukatika, na miche mingi mizuri imekufa kwa mkono wenye haraka. Weka mawe makubwa kuzunguka shina mapema, kwani kuku hupenda udongo uliochimbuliwa upya.

Maji ni suala ambalo mtaani huamuliwa na bomba, si na mtunzaji, na hapa bogenvilia humfaa mwenye mgao. Miezi sita ya mwanzo upe mche debe moja kwa wiki pasipo mvua. Baada ya mwaka wa kwanza maji ya kusuuzia nguo yatosha, yale ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi, kwa kuwa maji ya povu zito yana chumvi inayouziba udongo mweusi zaidi. Ukiona majani yamelegea kidogo adhuhuri na yakainuka jioni, usiwe na wasiwasi: hiyo ndiyo kiu inayoleta rangi.

Kupogoa kufanywe Machi, maua ya kiangazi cha mwanzo wa mwaka yakisha pauka na kabla masika hayajashika, kwa sababu rangi hutokea kwenye matawi mapya, na mvua huyasukuma matawi hayo yakawa tayari kupamba mawingu yakiondoka. Vaa glavu, ama funga mikono kwa gunia. Kata chipukizi nene zinazopanda wima kutoka chini, kwani hizo hula nguvu zote na hazipambi; na matawi ya miba uliyoyakata usiyaache uwanjani, ambapo watoto hucheza mpira peku. Yachome au yafukie.

Mipango ya kuibomoa mitaa ya kale ya Eastlands na kusimamisha maghorofa imezungumzwa miaka mingi, na Pangani ya zamani imekwisha bomolewa, kwa hiyo mkazi wa Kaloleni anayeipenda bogenvilia yake na ajue namna ya kuizidisha kabla hajaambiwa ahame. Kung'oa mmea mzee ni kazi bure. Mizizi yake haivumilii. Chagua tawi la mwaka huu lililoanza kukakamaa, unene wa kalamu ya risasi, ukate vipande vya shubiri moja chini kidogo ya fundo, uondoe majani ila mawili ya juu, na uvichomeke nusu ya urefu wake katika mikebe ya mafuta ya kupikia ya Kasuku iliyotobolewa chini na kujazwa mchanga mwingi na mboji kidogo. Viweke kivulini penye mwanga, uvifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, uvinyunyizie bila kuvilowesha. Katika miezi ya joto vitatoa mizizi kwa wiki sita hivi, wakati wa baridi huchukua zaidi, na kipande kilichochipua jani huenda hakijawa na mzizi bado, kwa hiyo usikivute kukijaribu. Panda vipande vingi kuliko unavyohitaji, kwani baadhi vitaoza, na vya nasaba ya buttiana huoza zaidi ya vya glabra. Vitakavyobaki, andika juu ya kila mkebe jina la mmea mama na upande wa ukuta ulikosimama, ili huko uendako upajue mahali pa kuuweka.